Saa ya Kungoja Nayo ni Kazi

Neno juu ya ujira wa madereva wa malori katika pwani yetu ya Mtwara

Wapendwa viongozi wa walei, makatekista, na ninyi nyote mnaokutana katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo,



Msimu wa korosho ukifika, barabara zetu hubadilika sura. Malori hupanga foleni nje ya maghala ya Masasi, Newala, Tandahimba na Mtwara mjini, na mengine husubiri zamu ya kuingia bandarini. Chini ya malori hayo wamo watu. Dereva ametandika turubai baina ya magurudumu. Utingo amechutama mbele ya mafiga matatu, anapika ugali wa jioni. Sisi tupitao kwenda Misa huwaona, tukawasalimu, tukaenda zetu. Wengi wetu hudhani kuwa watu hao wamepumzika. Kumbe hawakupumzika, wala hawalipwi. Wanangoja.

Kijitabu hiki kinahusu kungoja huko. Neno letu ni moja, nasi twalisema wazi tangu mwanzo ili msomaji asihangaike kulitafuta: dereva wa lori alipwe kwa muda anaoutoa kwa mwajiri wake, saa za kungoja zikiwa ndani ya hesabu; asilipwe kwa tripu au kwa kilomita peke yake. Malipo ya tripu humtwisha dereva hasara zilizosababishwa na watu wengine, naye hana mahali pa kuzifidia ila katika usingizi wake na katika mwendo wa gari. Kwa hiyo jambo hili si la madereva na matajiri wao tu. Linamhusu kila mama anayevuka barabara na ndoo kichwani, na kila mtoto anayetembea kando ya lami kwenda shule.

1. Lori ndiyo reli yetu

Sisi watu wa Kusini tunajua maana ya njia. Reli iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya ule mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo, mzigo usiokwenda kwa meli umekwenda kwa lori. Kwa miaka mingi mtu aliyetoka Mtwara kwenda Dar es Salaam kwa barabara alivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakizidi alikaa njiani hadi matope yampe ruhusa. Sisi tuliosoma seminari wakati barabara ya Songea hadi Masasi haijapata lami tulisafiri juu ya magunia, tukashuka kusukuma, tukalala porini. Tuliwaona madereva wakifanya kazi ambayo hakuna kilomita iliyoweza kuipima: siku nzima ya jasho, na mwendo wa kilomita tano.

Siku hizi njia ni nyingine. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na baadaye lami ikaunganisha Ndundu na Somanga. Mwaka 2015 kiwanda kikubwa cha saruji kilizinduliwa hapa Mtwara. Kuanzia mwaka 2022 makaa ya mawe ya Mbinga yameshuka kwa wingi hadi bandari yetu, safari ya zaidi ya kilomita 700 kupitia Songea, Tunduru na Masasi, hasa baada ya vita vya Ukraine kuwafanya wanunuzi wa Ulaya watafute makaa kwingine. Korosho zetu, saruji yetu, makaa ya ndugu zetu wa Ruvuma, bati za nyumba zetu na vitabu vya watoto wetu, vyote vimepita mikononi mwa dereva. Tunashukuru kwa maendeleo hayo. Lakini lami imekuja, na hesabu ya ujira imebaki ile ya kumpunja mtu.

2. Hesabu ya tripu

Kwa wasioijua desturi hii, tuieleze. Dereva wengi hupewa mshahara mdogo wa mwezi, na wengine hawapewi kabisa. Riziki yao kubwa hutoka katika fedha ya safari, ambayo wenyewe huiita "mileji" au "pesa ya tripu". Wapo pia vijana waitwao "deiwaka", wanaoshika usukani wa lori la mtu kwa safari moja, bila karatasi yoyote, kisha hurudi kijiweni kungoja kuitwa tena. Kanuni yao wote ni moja: lori likienda kuna fedha, lori likisimama hakuna.

Tutoe mfano kwa tarakimu za kubuni, ili kila mtu aweze kuzipima. Tuseme dereva ameahidiwa shilingi 120,000 kwa kupeleka mzigo Dar es Salaam. Akipakia leo na kushusha kesho, amepata shilingi 60,000 kwa siku. Lakini ikiwa amekaa siku nne ghalani akingoja kupakiwa, safari ile ile imechukua siku sita, naye amepata shilingi 20,000 kwa siku, na kati ya hizo ajilishe yeye na utingo wake. Amefanya kosa gani? Hakuzembea. Ghala halikuwa na wapakiaji wa kutosha, au hati za mzigo zilichelewa, au mizani ilikuwa na msururu. Makosa ni ya wengine, hasara ni yake.

Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga wilayani Kilwa. Mabasi na malori yalikwama siku kadhaa, pande zote mbili za maji. Abiria waliweza kutafuta njia nyingine. Dereva wa lori hakuweza kuuacha mzigo wa watu. Alikaa nao usiku na mchana, akiulinda dhidi ya mvua na wezi. Je, siku hizo alikuwa kazini au hakuwa kazini? Hesabu ya tripu husema hakuwa. Dhamiri ya mtu yeyote husema alikuwa.

Hapa kwetu Mtwara, mji wa bandari, tuna mfano ulio karibu zaidi. Meli iliyokodiwa ikicheleweshwa gatini kupita siku zilizopatanwa, mwenye meli hudai fidia, na hulipwa. Kontena likikaa bandarini kupita muda wake, hutozwa ada ya kukaa. Chuma kinachongoja kina bei. Mtu anayengoja, mwenye mke na watoto, peke yake ndiye asiyehesabiwa.

3. Swali la dereva mmoja

Miaka michache iliyopita tulimzika utingo wa miaka ishirini na mitatu katika kigango kimoja upande wa mdomo wa Ruvuma. Lori lilitoka njiani saa kumi alfajiri. Halikugongana na chochote. Dereva alinusurika, na alipopata nafuu alikuja kutuona. Hakuja kuungama, alikuja kuuliza.

"Baba," alisema, "nilikaa siku nne kwenye foleni ya kushusha. Siku nne sikuingiza hata senti. Niliposhusha nikaambiwa kuna mzigo mwingine, nikiuwahi nitapata tripu ya pili kabla ya wiki kwisha. Nyumbani walikuwa wanakopa unga dukani. Sasa niambie, Baba: nilimwua mimi yule kijana, au foleni ndiyo iliyomwua?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwombea, tukamsindikiza hadi mlangoni. Tangu hapo swali lake halikutuacha, na tunayoyaandika humu ni jibu letu lililochelewa.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Methali hiyo tunawahubiria madereva kila Wiki ya Usalama Barabarani. Lakini tutazame tulichokifanya. Tumechukua mkate wa dereva, kodi ya nyumba yake na dawa ya mtoto wake, tukavitia vyote ndani ya haraka. Kisha twamwambia haraka haina baraka. Atatusikiaje? Baraka yake yote tumeifungia humo. Askari wa usalama barabarani humtoza faini kwa mwendo, na ujira wake humtoza faini kwa kutokwenda mbio. Kati ya faini hizo mbili, ile ya pili humpata kila siku.

4. Sheria imekwisha kuhesabu saa

Wengine watasema kuwa haya ni mawazo ya mapadre wasiojua biashara. Basi tuitazame sheria ya nchi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, hupima kazi kwa saa. Saa za kawaida zisizidi tisa kwa siku wala 45 kwa wiki. Kazi ya ziada iwe kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika majuma manne, na ilipwe mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kwa vyovyote mtu asifanyishwe kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Baada ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya saa nzima. Kati ya siku na siku apumzike saa 12, na kila wiki apumzike saa 24. Kazi ya usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia tano ya mshahara wa msingi. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi juu ya kazi yake, yakiwemo ujira na saa za kazi.

Sheria hiyo hiyo haikuwasahau wanaolipwa kwa kipimo kingine kisicho cha muda. Inasema wahesabiwe kana kwamba wanalipwa kwa wiki, kwa kutazama walichopata katika wiki 13 zilizotangulia. Yaani hata tripu, mbele ya sheria, lazima igeuzwe kuwa muda. Kwa nini basi tusianze na muda tangu mwanzo?

Tupime sasa njia yetu kwa sheria hiyo. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560. Gari zito haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, na vijijini kilomita 50. Ukijumlisha vilima, mizani na vituo vya ukaguzi, mtu akienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa ametumia zaidi ya saa kumi na moja kwa kuendesha tu, bila kupakia wala kushusha. Dereva mmoja aliyeanza asubuhi kwa kusimamia upakiaji, kisha akaondoka alasiri ili afike alfajiri, amekwisha kuivunja sheria kabla hajavuka Rufiji. Ukweli ni kwamba hakuivunja yeye. Iliyoivunja ni ile hesabu iliyomtuma.

Mataifa mengine yamekwisha kuliona jambo hili. Mkataba Na. 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unaweka kikomo cha saa nne za kuendesha mfululizo na saa tisa za kuendesha kwa siku. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 561 ya mwaka 2006 inamkataza mwenye magari kumlipa dereva wake kwa umbali au kwa wingi wa mzigo, ikiwa malipo hayo yanahatarisha usalama wa barabara. Marekani, ambako dereva wengi wa masafa marefu hulipwa kwa maili, sheria ya mwaka 1938 iliwaweka nje ya malipo ya saa za ziada, na ubishi juu ya saa zao za kungoja haujakwisha hadi leo. Utajiri wa nchi peke yake, basi, hauponyi ugonjwa huu. Unaponywa na uamuzi.

Wala madereva wetu hawakunyamaza. Mwezi Aprili 2015, na tena mwezi Mei mwaka huo, waligoma nchi nzima. Wengi tunakumbuka abiria waliokwama vituoni. Tukumbuke pia kwamba miongoni mwa madai yao lilikuwemo dai la mikataba ya ajira. Walidai kitu ambacho sheria ilikuwa imekwisha kuwapa miaka kumi na mmoja kabla.

5. Hoja za wanaopinga

Haki haiogopi kuhojiwa. Tumewasikiliza wenye malori, wakiwemo waamini wenzetu, na hoja zao tunazileta hapa bila kuzipunguza.

Wanasema: "Dereva akilipwa kwa saa atalala njiani, maana saa zinakwenda tu." Hoja hii ingekuwa na nguvu zamani, tajiri alipokuwa hajui lori lake liko wapi. Leo malori mengi yamefungwa vifaa vinavyomwonyesha mwenyewe, akiwa sebuleni kwake, lori lilipo na mwendo wake. Twasema: kifaa kile kile kinachomwona dereva akikimbia, kimwone pia akingoja. Haiwezekani jicho hilo liwe zima wakati wa kumkata mshahara, na kipofu wakati wa kumlipa.

Wanasema: "Madereva huiba mafuta, huwezi kumwamini mwizi kwa saa." Wizi ni dhambi, nasi hatuutetei. Anayenyonya mafuta ya tajiri wake na kuyauza kwa madumu kando ya njia ajue kuwa anamwibia mtu. Lakini tuulize: ni nani aliyemweka mtu siku nne bila senti, juu ya tangi lililojaa mafuta? Dhambi ya mmoja haifuti dhambi ya mwingine. Na wezi wachache wasifanywe kisingizio cha kuwanyima haki waaminifu wengi.

Wanasema: "Madereva wenyewe wanaipenda tripu." Hii ni kweli kwa sehemu, nasi hatutaki kumdanganya mtu. Katika mwezi mzuri, njia ikiwa kavu na mizigo mingi, dereva hodari huenda akapata zaidi kwa tripu kuliko kwa saa. Lakini mwulizeni dereva huyo mwezi wa mvua. Mwulizeni akiugua. Kwa kawaida michango ya NSSF hukatwa katika mshahara, si katika posho ya safari. Kwa hiyo mtu aliyeishi miaka ishirini kwa posho huzeeka na akiba ya yule mshahara mdogo. Zaidi ya hayo, Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu alikwisha kufundisha mwaka 1891, katika waraka wake Rerum Novarum, kuwa mfanyakazi anayekubali masharti magumu kwa kuogopa mabaya zaidi hakukubali kwa hiari; amelazimishwa. Kusema "alikubali mwenyewe" hakumsafishi aliyemlazimisha.

Wanasema: "Mimi nina Fuso moja ya mkopo, nitatoa wapi fedha za kumlipa mtu anayengoja?" Hoja hii inatugusa kuliko zote. Mwenye lori mdogo naye hulipwa kwa tripu na mwenye mzigo. Naye hungoja bila malipo. Kwa hiyo hatusemi abebe yeye peke yake. Twasema gharama ya kungoja imrudie anayeisababisha: mwenye ghala, mwenye mzigo, wakala aliyechelewesha hati. Iandikwe katika mkataba wa usafirishaji: baada ya saa kadhaa zilizokubaliwa, kila siku ya kungoja ina bei, na sehemu ya dereva ndani ya bei hiyo ijulikane. Siku mwenye ghala atakapoanza kulipia foleni, mtaona foleni itakavyofupika. Leo haifupiki kwa sababu haimgharimu kitu.

Wanasema, mwisho: "Bei zitapanda, maskini wataumia." Tuhesabu. Lori lenye tani 30 za saruji limebeba mifuko 600 ya kilo 50. Tuseme dereva analipwa shilingi 30,000 kwa siku moja ya kungoja. Ukiigawa kwa mifuko 600, ni shilingi 50 kwa mfuko. Ukiigawa kwa tani 30 za korosho, ni shilingi moja kwa kilo. Shilingi moja! Hiyo ndiyo thamani ya usingizi wa dereva katika kilo ya korosho. Nani miongoni mwetu atasimama mbele ya Mungu aseme kuwa shilingi hiyo ilikuwa nzito mno?

6. Mwenye shamba na waliosimama sokoni

Mnalijua fumbo la wafanyakazi wa shamba la mizabibu, katika sura ya 20 ya Injili ya Mathayo. Mara nyingi twalihubiri kama fumbo la neema, nalo ni hivyo kweli. Lakini tulisome safari hii kwa macho ya dereva. Wale wa saa ya kumi na moja walikuwa wamesimama sokoni mchana kutwa. Mwenye shamba aliwauliza sababu, wakajibu kuwa hakuna aliyewaajiri. Hakuwaambia kuwa kusimama kwao hakumhusu. Aliona kuwa mtu aliyesimama tangu asubuhi akingoja kazi ana tumbo lile lile la aliyefanya kazi, na watoto wale wale. Akampa riziki ya siku nzima. Ikiwa Bwana wa mavuno alimhurumia aliyengoja kabla ya kuajiriwa, sisi tunawezaje kumnyima yule anayengoja akiwa ameajiriwa tayari, mzigo wetu ukiwa mgongoni mwake?

Torati iliagiza kuwa ujira wa maskini usilale hadi jua likachwa, na katika amri ya Sabato iliwapa mapumziko hata ng'ombe na mgeni. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kuwa ujira walioudhulumu unalia, na kilio chake kimefika mbinguni. Majirani zetu Waislamu, ambao katika pwani hii ndio wengi, wamefundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Katika jambo hili hatuna ugomvi wa dini. Na Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kuwa ujira wa haki ndicho kipimo cha kuujua uadilifu wa mfumo mzima wa uchumi. Ukitaka kujua kama uchumi wa Kusini ni wa haki, basi, usiende kwanza kutazama ukubwa wa gati. Nenda ukatazame chini ya malori.

7. Tuanze na sisi

Ni rahisi kuwanyoshea kidole matajiri. Tukiri yetu. Parokia zetu zinajenga. Hukodi lori la mchanga, la matofali, la bati. Sisi wenyewe tumewahi kumkodi mtu kwa tripu kuleta saruji ya kigango, naye alipofika jioni tukamwambia asubiri hadi kesho, kwa kuwa vijana wa kushusha walikuwa wamekwenda zao. Alilala uwanjani, mbele ya kanisa. Asubuhi tulimlipa kile kile tulichopatana, tukamshukuru kwa uvumilivu wake. Hatukuona kosa. Leo tunaliona.

Wengi wenu ni wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika. Chama kinapopatana na msafirishaji, wajumbe huuliza bei ya kilo tu. Hakuna anayeuliza dereva analipwaje. Tungeuliza, wasafirishaji wangelazimika kujibu.

8. Tunayoyadai

Kwanza, kila dereva na kila utingo awe na mkataba wa maandishi, akiwemo yule aitwaye deiwaka.

Pili, mshahara wa msingi uhesabiwe kwa muda wote ambao dereva yuko chini ya amri ya mwajiri: kuendesha, kupakia, kushusha, kungoja, na kulinda mzigo gari liharibikapo.

Tatu, posho ya chakula na malazi ilipwe kwa siku za safari, isifungwe na saa ya kufika. Atakaye kumtuza dereva amtuze kwa usalama na utunzaji wa gari, si kwa haraka.

Nne, saa ziwe na kikomo. Kulipa kwa saa bila kikomo kunaweza kumgeuza mtu awe mtumwa wa saa kama alivyokuwa mtumwa wa kilomita. Safari ndefu iwe na madereva wawili, au iwe na usiku wa kulala.

Tano, katika mikataba ya vyama vya ushirika, viwanda, maghala na parokia zetu, kungoja kuwe na bei.

Na kwa dereva aliyedhulumiwa: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili yako. Usikawie, maana shauri la kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Tunza karatasi za safari. Andika katika daftari siku na saa ulizofika, ulizopakia na ulizoondoka. Wana kamati wa Haki na Amani wa parokia yako wakusaidie kuandika.

Sasa tumrudie yule dereva aliyetuuliza. Ndugu yetu, ulishika usukani ukiwa umechoka, na sehemu hiyo ni yako; unaijua, nawe hukuikwepa. Lakini hukuwa peke yako katika chumba kile cha lori. Alikuwemo mwenye ghala, alikuwemo tajiri wako, na tulikuwemo sisi tuliotaka saruji ya bei nafuu na hatukuuliza kitu. Yule kijana tulimwua sote. Wewe peke yako ndiye uliyekuja kuulizia.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika jumuiya yetu kuna dereva au utingo? Hulipwaje, na ana mkataba? Tumwalike atueleze mwenyewe.

2. Chama chetu cha msingi kimepatana nini na wasafirishaji msimu huu? Ni nani atakayeuliza juu ya siku za kungoja?

3. Parokia ikikodi lori, tukubaliane saa ngapi za kungoja bila malipo, na baada ya hapo tulipe kiasi gani?

4. Tunapoona malori yamepanga foleni karibu na kanisa letu, tunaweza kuwapa nini watu walio chini yake: maji, kivuli, choo, mahali salama pa kulala?

Amani ya Kristo iwe nanyi, na iwe pamoja na wote walio safarini usiku huu.